Mti wa Kubaki

Marehemu mume wangu, Andongwisye, hakuwa mtu mwema, na mimi sitamsifu kwa sababu tu amekufa. Siku ya mazishi yake pale Igamba walisimama watu mmoja mmoja wakasema alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa watu. Mimi nimekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, najiuliza jamani, wanazika nani hawa? Mtu wa watu gani, ambaye mgeni akipiga hodi mbele yeye anatokea mlango wa jikoni na kuingia shambani? Nilitolewa kwetu Hasamba nikiwa binti, nikaishi naye mpaka nikaota mvi, na maneno mazuri aliyoniambia hayajazi kikombe cha chai.

Mimi naitwa Imelda, lakini huko kwao nilikuwa mama Judith, kwa jina la mtoto wetu pekee. Hilo nalo walinisema sana, kwamba nimezaa mmoja, tena wa kike. Ukweni hawakosi la kusema.

Mkono wa kushoto wa Andongwisye ulikuwa umepinda kwenye kiwiko, na kisa cha mkono huo ndicho kisa chenyewe. Walizaliwa wanaume wanne: Hezron, Ferdinand, Sadoki, na yeye wa mwisho. Baba yao alipowagawia mibuni yake, kila mmoja alipata sawa na mwenzake, ukabaki mti mmoja. Mti wenyewe mzee, una kutu ya majani, buni zake hazijazi kopo. Hezron akasema ni wake kwa kuwa yeye ni wa kwanza, Andongwisye akasema ni wake kwa kuwa yeye ni wa mwisho, na hapo hapo wakashikana. Hezron alimvunja mdogo wake mkono kwa mpini wa jembe. Mfupa uliunga vibaya, na tangu siku hiyo wale wawili hawakusalimiana ila kanisani, tena mchungaji akiwa anawaangalia.

Mzee aliung'oa ule mti kwa hasira, akawawekea sharti, na ukoo unalishika sharti hilo kuliko unavyozishika Amri Kumi. Shamba la kahawa la marehemu yeyote hugawanywa mara moja tu, kwa siku moja, mbele ya ukoo. Inahesabiwa miti iliyosimama, na kila mwenye fungu anapata sawa na mwenzake. Ukibaki hata mti mmoja mpaka jua linazama, basi, shamba haligawanywi tena. Linakuwa la yule aliyekuwa akilipalilia. Na mtu wa ukoo, wa kuzaliwa au wa kuolewa, akikata mti kabla ya kugawana, kwa mkono wake au kwa kumtuma mwingine, amejitoa mwenyewe: hana fungu, hana pa kulala, na akifa hazikwi pale. Mlinzi wa sharti ni dada yao mkubwa, wifi yangu Leah, mwanamke ambaye tangu naolewa hajala chakula changu bila kukionja kwanza kwa ncha ya ulimi, kana kwamba nimemtilia sumu.

Mtu mwingine akivunjwa mkono hujifunza kusamehe, au hujifunza kupigana. Huyu wangu alijifunza kugawanya. Elimu yake ilikuwa darasa la saba na hakuwa na zaidi, lakini chuki ilimpa bidii ambayo shule haikumpa.

Msimu mmoja wa mvua, Judith akiwa bado ananyonya, alinimalizia maharage. Alimwaga sebuleni maharage ya kula na ya mbegu, akawa anayapanga kwenye jamvi mistari kwa mistari, anapanga, anapangua, anapanga tena. Ukimuuliza unafanya nini, anakuambia nyamaza. Tulikula ugali kwa majani ya maboga mpaka nikayachukia, na maharage yapo sebuleni yanadonolewa na kuku. Ukuta wa jikoni aliuchafua kwa mkaa, hesabu za kugawanya kutoka juu mpaka chini. Nilimwambia wewe baba Judith una wazimu. Akanijibu wazimu wake ndio utakaonilisha yeye akishakufa, kisha akaniambia nipishe mwanga.

Siku alipomaliza akaniita nione. Aliniambia kuna namba tatu zinakaa jirani, lakini tabia zake hazifanani kabisa. Elfu tano na arobaini, hiyo ni malaya. Waje wawili, watatu, wanne, waje kumi, waje hata kumi na wawili, inawakubali wote, kila mmoja anapata sawa na hakibaki kitu. Ongeza moja tu, ikawa elfu tano arobaini na moja, hapo umepata mke wa mtu. Mume wake ni sabini na moja, basi. Sabini na moja mara sabini na moja, mraba uliotimia. Wengine wowote wakija, inabaki. Halafu toka kwa yule malaya urudi nyuma moja, uangukie elfu tano thelathini na tisa. Huyo, alisema, ni mtawa. Alimjaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, akaenda hivyo hivyo mpaka sabini, hakumkubali hata mmoja. Huyo ni wa nafsi yake mpaka kiama.

Nikamwambia basi panda huyo mtawa ukae kwa amani. Aliudhika. Alisema ukipanda hiyo mistari haitimii, kwenye kona linabaki pengo la miti miwili, na yeye hataki shamba lenye pengo kama kinywa cha Hezron. Alitaka mraba, mtu akipita barabarani aone mistari imenyooka huku na huku. Na huyo Hezron atawatoa wapi watu sabini na mmoja wa kugawana? Kisha akanisemesha kwa sauti ndogo, jambo ambalo hakuwa nalo.

"Mti mmoja usiuguse, hata wakuchome moto. Wakikuzidi kabisa, gusa miwili."

Tukapanda. Nasema tukapanda kwa sababu mgongo huu ndio uliobeba miche, na maji, na samadi. Yeye alivuta kamba na kupiga kelele kwamba nimepinda. Mashimo yote yale, ekari tisa na ushee, na hakunisema vizuri hata siku moja. Mche ukifa leo, kesho amekwishaziba. Watu walidhani anapenda kahawa. Alikuwa anawachukia ndugu zake kwa mstari ulionyooka.

Judith alipokua, ndiye aliyeshika mkasi wa kupogolea. Aliolewa akaachika, akarudi nyumbani, na baba yake hakumuuliza neno ila kama amerudi na mikono yake miwili. Tulilipalilia mimi na yeye, na kuvuna, na kuanika. Andongwisye alifariki kwa kifua, mvua zikiwa zinaisha.

Matanga hayajaanuliwa, Hezron akaja na habari za tajiri mmoja wa malori wa Tunduma aliyekuwa anatafuta eneo. Wagawane, wauze, kila mtu achukue chake, na mimi nirudi kwetu Hasamba. Judith je? Judith atafute mume mwingine, alisema. Na wewe unayenisikiliza, usinianzishie habari za sheria. Nilikwenda ofisi ya kijiji, nikaambiwa ardhi ni ya ukoo, mkamalizane kwanza nyumbani. Nikarudi nyumbani, na huko ndiko walikokuwa wananinolea visu.

Wakaanza kwa kuhesabu wenyewe, majaribio tu, kabla ya siku rasmi. Ferdinand aliwahi kuwa karani, akatoa simu yake. Wao watatu: ukabaki mti mmoja. Wakamwongeza dada yao Leah wawe wanne: ukabaki mmoja. Wakaleta binamu, wakawa watano, sita, saba, na kila wanapomwongeza mtu, ule mti mmoja uko pale pale unawasubiri. Wakafika kumi. Kumi na mmoja ikabaki mitatu, mbaya zaidi. Kumi na wawili, mmoja tena. Mimi niko jikoni nawasikia, na mara ya kwanza tangu nimzike yule mtu nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hezron alitoka nje akatema mate kwenye kaburi la ndugu yake. Niliona kwa macho yangu, na sijamsamehe mpaka leo.

Lakini chuki haikuwa ya mtu mmoja katika familia ile. Hezron alisimama siku nzima kichwani mwa shamba anaangalia ile mistari. Akaihesabu. Sabini na moja. Akahesabu miti ya mstari mmoja. Sabini na moja. Jioni akapita mlangoni kwangu anapiga mluzi, mtu mwenye meno mawili.

Akaanza kukusanya ukoo. Sharti halisemi wenye fungu ni wangapi, linasema wawe damu. Sadoki anaishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na huko wana ndugu wengi kuliko huku. Hezron aliwapitia wa Ndalambo, wa Momba yote, mpaka watu ambao Andongwisye hakuwahi kuwasikia. Aliwaahidi kila mmoja mstari wake wa mibuni, na juu ya mstari kanga na kilo ya sukari, halafu yeye angewashawishi wamwachie. Mimi sikuwemo kwa kuwa si damu. Judith ni damu, lakini akaachwa pia, wakasema waliotimia wanatosha.

Siku ya kugawana nyumba ilifurika. Mzee mmoja aliuliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake alihesabiwa mtu mzima. Wale wa Nakonde waliniita mayo, yaani mama, kwa adabu zote, kisha wakaniuliza upande gani una udongo mzuri. Na kwa kuwa mjane ndiye anayewapikia wagawanaji, nilipasua kuni na kusonga ugali wa watu waliokuja kunifukuza. Wifi Leah alionja mboga kwa ncha ya ulimi.

Wifi alihesabu miti mwenyewe, na mashahidi wawili nyuma yake. Elfu tano arobaini na moja. Hezron akawapanga watu, kila mmoja kichwani mwa mstari wake, toka huku mpaka kule bondeni. Sabini na mmoja. Ilikuwa imebaki wifi kutamka tu kwamba imegawanyika. Hezron akanijia pale jikoni, akaegemea mlango.

"Shemeji, mumeo alijifanya anajua hesabu. Leo nimempata."

Nasema kweli, niliogopa kama mtoto. Nikamtafuta Judith kwa macho. Alikuwa amesimamishwa nje ya uzio pamoja na watazamaji, mkasi wa kupogolea bado uko mfukoni, anaangalia mgeni akivunja tawi la mti alioupogoa yeye. Hakulia. Alinitazama tu. Basi woga wangu ukageuka hasira, na hasira mimi naijua matumizi yake.

Nikachukua shoka nililopasulia kuni zao. Nikaenda kona ya kwanza ya shamba, kwenye mstari wa bibi mmoja wa Ndalambo, nikamwambia bibi, sogea kidogo. Akasogea. Nikaukata ule mbuni. Mti wa kahawa si mnene lakini ni mgumu, na nilipiga kwa nguvu zote za maharage niliyonyimwa. Ukalala.

Zikazuka kelele. Wifi Leah akanyoosha kidole akasema nimejitoa, watu wote wameona, mimi si wa pale tena. Nilijua. Ferdinand alikuwa ameinamia simu. Elfu tano na arobaini, akasema. Akagawa kwa tatu, akagawa tena. Elfu moja mia sita na themanini kila mtu, na hakibaki kitu.

Hezron alicheka mpaka akakohoa. Aliniambia nimemsaidia, kwamba wao watatu sasa wanatosha. Akawageukia wale ndugu aliowakusanya nchi mbili, akawaambia asanteni kwa kuja, mnaweza kwenda, chakula mmekula. Aliwaambia hivyo hivyo, mbele ya uso wao. Mtu aliyetoka Nakonde alfajiri na mtoto mgongoni anaambiwa chakula umekula. Waliulizia mistari yao. Wakaulizia kanga. Hezron akawapungia mkono kama anafukuza kuku.

Mimi nikaenda kwenye mti wa pili.

Ferdinand ndiye aliyenishtukia, akapiga kelele nishikwe. Walionizunguka walikuwa ni wale wa Nakonde, na hakuna aliyeinua mkono. Walikunja mikono vifuani. Mama mwenye mtoto mchanga alirudi nyuma hatua kidogo ili nipate nafasi ya kuzungusha shoka. Nikakata taratibu, bila haraka, na mti ukaangukia ule wa kwanza.

Ferdinand akaanza tena. Kwa tatu, ikaja nukta na sita zisizokwisha. Kwa nne, nukta. Akaongeza watu, akapunguza watu, akawarudisha wale sabini na mmoja, nukta. Jasho lilimtoka mtu mzima. Wifi Leah alikaa kwenye kiti chake, hakuharakisha wala hakusaidia. Kwa hilo nampa haki yake, sharti aliliheshimu kuliko alivyonichukia.

Jua likiwa limeshaelekea milimani, Sadoki akaligundua. Mmoja wao akikata mti mmoja zaidi, anatoka yeye, wanabaki wawili, na miti iliyobaki inagawanyika kwa wawili. Wakatazamana, ndugu watatu wa tumbo moja. Hezron akamwambia Sadoki wewe una maisha yako Nakonde, huku unataka nini. Sadoki akamwambia wewe ni mkubwa wetu, umekula chumvi nyingi, jitoe. Kisha wote wawili wakamgeukia Ferdinand. Ferdinand akatia simu mfukoni. Shoka lilikuwa chini, katikati yao, nimeliweka mimi mwenyewe karibu ili wasipate taabu ya kulitafuta. Walisimama hivyo, kila mmoja anamngojea mwenzake, mpaka jua likazama.

Wifi Leah akainuka. Alisema halikugawanyika. Akauliza ni nani aliyekuwa analipalilia, na watu wakasema mama Judith na Judith. Akasema mama Judith amejitoa. Likabaki jina moja. Akalitamka kwa shida, kana kwamba ana mfupa kooni, kisha akaniambia nitoke kabla ya giza.

Niko Tunduma sasa, nimepanga chumba nyuma ya maegesho ya malori, nawapikia chapati na chai madereva wanaongoja kuvuka. Judith huja na gunia la maharage kila baada ya mavuno. Shamba limesimama. Mapengo mawili yako pale kwenye kona, anasema yanaonekana mpaka barabarani, na baba yake angeyaona angeugua tena.

Wanawake wa hapa wananihurumia kwamba sitazikwa ubavuni mwa mume wangu. Nawaambia afadhali. Nimelala karibu na yule mtu maisha yangu yote, hakuwahi hata kunisogezea blanketi, kaburini ndiyo atabadilika? Wanacheka, na mimi nacheka.

Lakini naongopa. Inaniuma, na inaniuma zaidi nikiwa nachambua maharage. Sharti lile alilijua tangu ujana wake, liliwekwa kwa ajili ya mkono wake mwenyewe. Alijua atakayekata anatoka. Aliponiambia gusa miwili alijua ni nani atakayegusa, maana Judith alikuwa mtoto wa kunyonya na mtu mwingine hakumwambia. Miti yote ile, na mistari yote ile, na wa kubaki nikawa mimi. Ningeweza ningemfufua leo, nimkalishe hapa kwenye benchi la madereva, nimuulize hilo moja tu: ulipokuwa unapanga maharage yangu, mimi ulinihesabu au hukunihesabu? Anijibu, kisha arudi alikotoka.